Nusu Saa Arubaini na Nane

Kila siku kabla ya saa nne asubuhi
naiuza kesho.
Naikata vipande arubaini na nane, nusu saa nusu saa,
na kila kipande nakiandikia uzito:
megawati ngapi paneli zetu za Ibri zitatoa,
nina hakika asilimia ngapi.
Vipande vya usiku naandika sifuri.
Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka alfajiri.
Jua halikopeshi.

Napeleka Maskati. Huko wenye gesi nao wameleta vyao,
na kompyuta inawapanga, rahisi mbele, ghali nyuma,
na wa mwisho kuhitajika
ndiye anayewapangia bei wote.

Baba hilo lilimchekesha.
Fundi friji miaka thelathini na moja pale Dariz,
mpira wa oksijeni puani, anacheka kwa awamu:
"Basi huko si soko, mwanangu, huko ni harusini.
Anayechelewa ndiye anayepigiwa vigelegele."
Na kila jioni: "Haya, kesho shilingi ngapi?"
Ni baisa, Baba. Shilingi tumeziacha Unguja.
"Nijibu tu."

Mashine yake ilikula wati mia tatu na hamsini.
Niliipima mwenyewe, kwa mita yake ya dukani.
Kwenye fomu yangu hakuwemo.
Aliishi nyuma ya nukta,
kule ambako tarakimu hukatwa zisichoshe macho.

Mchana alipumua jua.
Magharibi ikiingia, mtu asiyemjua, pwani huko,
anamwashia gesi.
"Na hili jua lako, la kuweka akiba lini?"
Mwakani, Baba. Betri ziko njiani.
"Mwakani," akasema,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Jumanne moja ya Machi vumbi lilitoka Rub al-Khali.
Nilikisia tutapungukiwa theluthi.
Tulipungukiwa zaidi ya nusu.
Paneli zikawa rangi ya bahasha,
pengo likanunuliwa kwa bei ya saa tisa mchana
viyoyozi vyote vya nchi vikiwa vimefungua mdomo,
na bwana Hamdun akanipigia simu mara mbili,
ya pili bila salamu.
Nilirudi nyumbani na mchanga kwenye meno.
"Umekosea leo?"
Nimekosea.
Akaitazama taa. Akaitazama mashine, inahema, haijali.
"Mbona mimi sijasikia?"

Sijawahi kupewa cheti kilichozidi hicho.

Alikwenda Alhamisi, baina ya saa kumi na saa kumi na nusu alfajiri.
Kipande cha tisa.
Nilikuwa nimeshakiandika tangu juzi yake.

Na matanga, nitasema nini?
Vyumba vitano baridi kama kwa mchinjaji,
birika haikupoa, simu za wapwa ukutani kama popo,
shangazi Shinuna anafungua friji kila dakika
anasahau alichokuja kutafuta.
Siku tatu.
Usiku wa mwisho nikatoka na tochi kusoma mita.
Tumekula umeme karibu sawa
na alioutumia yeye kupumua miezi mitatu.
Niliirudia hesabu. Ilikuwa sahihi.

Siku ya nne nikarudi kazini.
Wiki ijayo: joto limewahi, matumizi yatapanda,
majirani wa kaskazini wanaulizia ziada kwenye laini,
brashi zimepita usiku, paneli safi.
Nikaandika moja, mbili, tatu, nane.
Kwenye tisa mshale ukapepesa,
ukapepesa.
Saa tatu na dakika hamsini na sita.

Kilichobaki ni hiki.
Leo, njiani kwenda nyumbani, nilisimama mbele ya duka lake
kupisha malori matatu yenye makontena meupe,
polepole, taa za tahadhari zinawaka mchana kweupe.
Betri.
Nje ya duka friji ya mteja bado imeegemea ukuta,
mlango wazi, na ndani yake,
kwenye rafu ya mayai, jua.